King'amuzi
Kenya ilipozima matangazo ya analojia mwaka 2015, televisheni kuukuu za Kitale na Bungoma zilidai king'amuzi. Neno limetokana na kung'amua, yaani kutambua lililofichika: mng'amuzi ni mtu, king'amuzi ni chombo.

Ni neno zuri mno kuachiwa televisheni peke yake.

Chukua garimoshi dogo la mfano, la zamani. Hilo hufuata umeme tu. Voltiji ikipanda relini, yote yaliyo juu ya reli hiyo hukimbia pamoja. Likipachikwa king'amuzi hupewa namba yake, likang'amua amri yake miongoni mwa nyingi zinazopita katika reli ile ile. Lakini fundi hutenganisha kwanza mota na reli. Asipofanya hivyo, king'amuzi huungua.