Safari ya kile kikaratasi cha mistari miwili (Sehemu ya 4)

Leo tuongelee kile kipimo cha mkojo unachokimbilia duka la dawa ukiona siku zako zimepita. Ukijua kilikotoka, utakisoma vizuri zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, kule Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek waligundua kuwa mkojo wa mjamzito ukidungwa kwa panya, ovari za panya zinabadilika. Ila ili kuziona, ilibidi panya auawe. Miaka ya 1930 ikawa zamu ya chura wa Afrika Kusini: anadungwa mkojo, akitaga mayai basi mama ana mimba. Na majibu anapewa daktari kwanza, siyo wewe.

Mwaka 1967 Margaret Crane, mbunifu wa vifungashio kwenye kampuni ya dawa Marekani, aliona chupa za vipimo maabara akajiuliza: kwa nini mwanamke asijipime mwenyewe nyumbani? Wakubwa wake walimkatalia mwanzoni. Kipimo chake kikaja kuuzwa Kanada 1971, Marekani 1977.

Sasa dhahabu inaingiaje? Mwaka 1857 Michael Faraday, London, alitengeneza chembe za dhahabu ndogo mno ndani ya maji. Maji hayakuwa ya njano, yalikuwa mekundu! Zaidi ya miaka 100 baadaye, wataalamu walizipachika chembe hizo kingamwili, yaani vinaso vya kukamata homoni ya mimba, hCG. Kijiti cha hatua moja kilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1988. Hicho kilitumia chembe za bluu, lakini dhahabu ndiyo iliyokuja kuenea.

Mkojo unapanda kwenye kikaratasi kama mafuta ya taa kwenye utambi, unasomba zile chembe. Mbele kuna mistari miwili ya vinaso ambayo mashine imeichora, huioni kwa macho. Kama hCG ipo, chembe zinanasa kwenye T. Mstari wa C wenyewe unazinasa hata kama mimba haipo, kukuthibitishia kipimo kimefanya kazi. Kwa hiyo ule wekundu mara nyingi ni dhahabu kweli!

Kipimo cha haraka cha malaria ni ndugu yake, ila chenyewe kinatafuta protini ya vimelea kwenye tone la damu. Hakihitaji umeme wala darubini. Ndiyo maana tangu 2010 WHO inashauri kila anayehisiwa malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa.

Kwa nini nakusumbua na historia? Mama mmoja alinijia analia. Mstari wa T ulikuwa umefifia, jirani akamwambia "huo si kitu", akaendelea kumeza dawa ambazo mjamzito hapaswi kumeza.

Kwa hiyo, mama:

– T iliyofifia, ikitokea ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, ihesabu ni mimba mpaka upimwe tena kituoni.
– Muda ukipita usisome tena. Kikikauka kinaweza kuonyesha kivuli.
– C haipo? Kimeharibika, tupa.
– Hakuna T na siku bado hazijaja? Rudia baada ya siku chache, mkojo wa asubuhi.
– Kikaratasi hakijui mimba imekaa wapi. Tumbo likiuma sana au damu ikitoka, usisubiri kesho, njoo hospitali.