Lean Huanza na Ahadi ya Ajira

Kampuni inapojadili kama iingie kwenye Lean, ule mfumo wa kuboresha kazi hatua kwa hatua na kupunguza upotevu, mazungumzo huishia kwenye vifaa: kadi, mbao za takwimu, mistari ya rangi sakafuni. Historia inataka tuanze na ajira. Mwaka 1950 Toyota, kampuni ya magari ya Japani ambako Lean ina chimbuko lake, ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Wafanyakazi waligoma, wengi wakapoteza kazi, na mwasisi Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Mwaka 1962 uongozi na chama cha wafanyakazi vilitia saini tamko la kuaminiana. Mfumo wa uzalishaji wa Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, uliozaa Lean, ulikomaa katika mazingira hayo, mfanyakazi akijua kwamba wazo lake halitamfukuzisha kazi.

Wapo wanaosema huo ni utamaduni wa Wajapani, hauhamishiki. Fremont, California, inawajibu. Kiwanda cha General Motors cha hapo, kilichosifika kwa utoro na migogoro, kilifungwa mwaka 1982. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, na wengi walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, chini ya chama kile kile. Safari hii kila mmoja aliruhusiwa kuvuta kamba kuomba msaada, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, mstari mzima ulisimama. Mauzo yaliposhuka mwishoni mwa miaka ya 1980, hawakupunguzwa. Walipewa mafunzo na kazi za maboresho. Ubora wa magari ukapanda. General Motors ilipojaribu kupeleka mfumo huo kwenye kiwanda chake cha Van Nuys, wafanyakazi wengi waliupinga kwa kuhofia ajira zao. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1992.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mfumo huu hukamua watu. Mwandishi Satoshi Kamata, aliyefanya kazi ya msimu Toyota mwaka 1972, alieleza kasi iliyochosha mwili na akili. Ushahidi huo haupuuziki, na unaonyesha ahadi ya ajira ilipokomea: kibarua wa msimu hakuwa nayo. Basi kabla ya kumlipa mshauri, wakurugenzi wajibu swali moja: wazo la fundi likifanya kazi ya watu watano ifanywe na watatu, wawili wanaobaki watakwenda wapi? Wasipokuwa na jibu, Lean waiache.