Bei na Thamani: Jinsi Matembezi ya Mitoni Yalivyopata Kuhesabiwa

Zamani huko Marekani, wapimao faida ya bwawa walihesabu umeme, umwagiliaji na kinga ya mafuriko. Mapumziko ya watu, kwa kuwa hayakuwa na bei, aghalabu yaliachwa nje ya hesabu. Mwaka 1947 Harold Hotelling alishauri gharama ya safari iwe kipimo, na mwaka 1959 Marion Clawson akaikuza njia hiyo, hata ikawezekana kukisia idadi ya wageni endapo kiingilio kingepandishwa. Mwaka 1964 serikali ikakadiria siku moja ya mapumziko ya kawaida kwa dola 0.50 hadi 1.50. Lakini John Krutilla alikumbusha mwaka 1967 kwamba wapo wauthaminio mto wa asili wasioufikia kamwe. Hao hawana nauli ya kupimwa. Lugha yetu hutenga bei na thamani. Mpangaji wa maji naye azitenge.