Muriel Cooper na Mafundisho ya Kupanga Herufi

Wengi hudhani kwamba mafundisho ya kupanga herufi kwenye skrini yalizaliwa pamoja na wavuti. Sivyo. Mwaka 1974 Muriel Cooper, msanifu wa vitabu vya MIT Press nchini Marekani, alianzisha pamoja na Ron MacNeil karakana ya Visible Language Workshop katika chuo cha MIT. Humo wanafunzi waliendesha mitambo ya chapa kwa mikono yao, hata kubuni na kuchapa vikawa kazi moja. Kompyuta zilipoingia, kanuni haikubadilika: wanafunzi waliandika programu wenyewe. Mwaka 1994, ambao ndio wa kufariki kwake, Cooper alionyesha huko Monterey maandishi ambayo msomaji aliweza kupita ndani yake kama msafiri apitavyo katika nchi.

Kanuni hiyo yafaa ikumbukwe na walimu. Ukurasa wa kitabu una upana mmoja. Ule wa wavuti hupanuka na kusinyaa kwa kadiri ya chombo cha msomaji, nao hupangwa kwa amri za CSS, zilizotolewa rasmi mwaka 1996. Mwanafunzi afundishwaye kuchora sura ya ukurasa tu, asizijue amri hizo, humwachia mwingine kuamua urefu wa mstari na nafasi baina ya mistari, mambo ambayo ndiyo huyafanya maandishi yasomeke au yachoshe macho.