Uthibitisho wa Vifo vya Askari na Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: Eneo la Chemba

Mwezi Aprili 1916 majeshi ya Jenerali Jacob van Deventer, yaliyopigana upande wa Uingereza, yaliingia Kondoa Irangi, na mwishoni mwa Julai yakaitwaa Dodoma. Njia ya kati ya miji hiyo hupita katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Chemba. Pande zote mbili za vita zilitegemea wapagazi, ambao waliuawa zaidi na kuhara damu, malaria na njaa kuliko risasi.

Waliofia upande wa Uingereza huenziwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917. Kwa vita hiyo, hutambuliwa vifo vilivyotokea kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921. Aliyefia kazini hutambuliwa bila kujali sababu ya kifo. Aliyefariki baada ya kuachishwa kazi ni lazima ithibitishwe kwamba jeraha au ugonjwa wake ulitokana na utumishi huo, au ulizidishwa nao. Hapo ndipo penye ugumu: mpagazi aliyerudi kijijini akiwa hoi, akazikwa baada ya miezi miwili, ni nani aliyemwandikia cheti?

Ripoti ya Tume ya mwaka 2021 ilikiri kuwa marehemu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuenziwa kwa majina au hawakuenziwa kabisa. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, haina jina la marehemu hata mmoja.

Ushahidi wenye uzito ni hati za wakati ule: daftari za mishahara, namba ya kipande, kumbukumbu za hospitali za jeshi, na hata orodha za mishahara ya marehemu ambayo haikudaiwa. Masimulizi ya ukoo hayatoshi peke yake, lakini ndiyo yanayotaja kijiji na jumbe wa wakati huo, bila hayo daftari halisomeki. Jina la Kisandawe lenye vidoko, likiandikwa na karani mgeni, laweza kumpotea hata mjukuu wa marehemu.

Waliokufa kwa Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo baada ya majeshi kuchukua nafaka, mifugo na vijana, walikuwa raia. Masharti ya Tume hayawahusu.