Chuck Connors na Kenya Iliyotengenezwa California

Tarehe 5 Novemba 1946, timu changa ya mpira wa kikapu ya Boston Celtics ilikuwa ikijiandaa kwa mechi yake ya kwanza nyumbani, dhidi ya Chicago Stags. Ilibidi mechi ipelekwe Boston Arena, maana ukumbi mkubwa wa Boston Garden ulikuwa na maonyesho ya rodeo: farasi wakali, mafahali na wanaume wenye kamba. Wachezaji walikuwa bado wanapasha misuli pale kijana mmoja mwenye futi 6 na inchi 5 aliporusha mpira kutoka mbali. Mpira ukagonga ukingo wa ringi na ubao wa kioo ukapasuka. Aliyeufunga hakuweka kipande cha mpira kinachotakiwa kukaa kati ya chuma na kioo. Mechi ikachelewa, ubao mwingine ukafuatwa kulekule kwenye rodeo.

Kijana huyo aliitwa Kevin Connors, ingawa kila mtu alimjua kama Chuck. Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1921. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Newfoundland, wenye asili ya Ireland. Miaka 21 baada ya kuvunja ule ubao, Wamarekani walimwona kila Jumatatu jioni kwenye televisheni akiwa bingwa wa rodeo aliyehamia Kenya kukamata wanyamapori kwa kamba.

Kikapu hakikumfikisha mbali. Alicheza michezo 53 katika misimu miwili, kisha basi. Mapenzi yake yalikuwa kwa besiboli, na hasa kwa Brooklyn Dodgers, timu ya mtaani kwao. Mwaka 1949 Dodgers wakamwita. Tatizo ni kwamba alikuwa mlinzi wa kituo cha kwanza, na nafasi hiyo ilikuwa ya Gil Hodges, mmoja wa wachezaji bora wa enzi yake. Connors alipewa gongo mara moja tu. Akapiga mpira uliowatoa wachezaji wawili wa upande wake kwa mkupuo, na hapo safari yake na Dodgers ikaisha. Mwaka 1951 alipata michezo 66 na Chicago Cubs bila kung'ara, kisha akashushwa kwenda kuchezea Los Angeles Angels, ambayo wakati huo ilikuwa timu ya ligi ya chini.

Kushushwa huko ndiko kulikomtajirisha. Viwanja vya Los Angeles vilijaa watu wa Hollywood, na Connors alikuwa na mdomo. Alikuwa akighani shairi maarufu la besiboli, "Casey at the Bat", mbele ya yeyote aliyekubali kusikiliza, na akipiga mpira wa ushindi alizunguka vituo kwa mbwembwe. Mtu wa studio ya filamu ya MGM anayetafuta sura mpya akamwona. Mwaka 1952 alitokea kwa muda mfupi kama afisa wa polisi katika "Pat and Mike", pamoja na Spencer Tracy na Katharine Hepburn. Mwanamichezo wa miaka 31 asiye na hakika ya mkataba ujao alihitaji hesabu gani tena? Aliacha besiboli.

Miaka iliyofuata aliigiza polisi, wanajeshi na wababe wa vijiweni, kazi zile ambazo mtu mrefu hupewa bila kuulizwa anajua nini. Kisha ikaja "The Rifleman". Kuanzia Septemba 1958 hadi 1963, katika vipindi 168 vya kituo cha ABC, alikuwa Lucas McCain, mgane anayemlea mwanawe huku akifyatua bunduki ya Winchester kwa kasi ya ajabu. Watu husifu bunduki, lakini ukiangalia vizuri utaona kwamba kilichobeba igizo lile ni mwili uliozoea viwanja. Connors aliizungusha bunduki mkononi kama mtu aliyeshika magongo tangu utotoni, na alijua jinsi ya kusimama bila kuhangaika mikono ikae wapi. Waigizaji wengi hulipa walimu wafundishwe hilo.

Sasa twende Kenya, au tuseme kule kulikoitwa Kenya. Mtayarishaji Ivan Tors alikuwa amegundua kwamba wanyama wa Afrika wanauzika. Kipindi chake cha "Daktari", kilichoanza 1966, kilihusu daktari wa wanyama katika Afrika Mashariki, lakini simba na sokwe wake walikuwa kwenye ranchi iitwayo Africa U.S.A., karibu na Los Angeles. Mwaka 1967 Tors alitoa filamu ya "Africa Texas Style", ambayo kweli ilipigwa Kenya. Ndani yake, mtoto Sampson aliigizwa na Mkenya, Charles Malinda. Mchunga ng'ombe Jim Sinclair alikuwa Hugh O'Brian.

Filamu ilipogeuzwa kuwa kipindi cha televisheni, "Cowboy in Africa", mambo yalibadilika. Jim Sinclair akawa Chuck Connors. Mtoto akawa Gerald Edwards, Mmarekani. Kazi kubwa ya kupiga picha ikafanyika Marekani. Kwa hiyo Kenya iliondolewa kwanza, kisha Mkenya naye akaondolewa, na jina la nchi likabaki kwenye maneno ya wahusika.

Wazo lenyewe la kipindi halikuwa la kipuuzi. Mwingereza mmoja mwenye ranchi, aliyeigizwa na Ronald Howard, anataka kufuga wanyamapori kwa ajili ya nyama badala ya ng'ombe. Wanasayansi walikuwa wanalijadili jambo hilo kwa dhati miaka ile: swala na nyumbu huvumilia ukame, na wengi wao huishi na mbung'o bila kuuawa na nagana inayomaliza ng'ombe. Lakini angalia nani anafanya nini. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963. Katika Kenya ya ABC ya 1967, mwenye ardhi ni Mwingereza, mtaalamu wa mifugo katoka Texas, msaidizi wake ni Mnavaho, na Mwafrika anayependwa zaidi ni mtoto asiye na wazazi. Mmaasai aliyeishi na nyumbu kizazi baada ya kizazi angecheka hadi akakaa chini. Kipindi kilidumu msimu mmoja, vipindi 26, kikafungwa Aprili 1968.

Wengi waliosemwa katika kipindi hicho hawakuwa na namna ya kukitazama. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini seti zilikuwa chache na za watu wa mjini. Zanzibar ilisubiri hadi miaka ya 1970. Rwanda ilianza 1992, mwaka uleule Connors alipofariki. Mtu wa Bweyeye, kule Rusizi kando ya msitu wa Nyungwe, angekuwa na sokwe jirani kwa maisha yake yote kabla taifa lake halijarusha picha hata moja.

Ipo sura ya pili ya habari hii, na mimi naiona nzito kuliko ya kwanza. Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyekuwa Dodgers wakati Connors anapata ile nafasi yake moja, alikuwa amecheza kandanda ya Kimarekani chuoni UCLA pamoja na Woody Strode. Mwaka 1946 Strode na rafiki yake Kenny Washington walijiunga na Los Angeles Rams na kuvunja ubaguzi uliokuwa umewafungia weusi nje ya ligi ya NFL kwa zaidi ya miaka kumi. Strode naye aliingia kwenye uigizaji, naye alikuwa na mwili uliojaza kioo. Connors akapewa ranchi. Strode akapewa ngozi ya chui: alionekana katika "Ramar of the Jungle", akawa mtumishi mwenye nguvu wa mchawi Mandrake, akatokea kwenye filamu za Tarzan. Ilibidi aende Italia, mwaka 1968, ndipo apewe uhusika wa kiongozi wa Kiafrika anayekufa kwa ajili ya watu wake, umbo ambalo kila mtazamaji alitambua kuwa limechukuliwa kwa Patrice Lumumba.

Januari 1977 mambo haya yote yalikutana katika tamthilia moja. "Roots", kutoka kitabu cha Alex Haley, ilirushwa na ABC kwa usiku nane mfululizo. Watayarishaji waliogopa kuwatisha watazamaji weupe, wakawachukua waigizaji waliopendwa sebuleni wakawafanya wamiliki wa watumwa. Connors alikuwa Tom Moore, anayemnunua Kizzy, bintiye Kunta Kinte, Mwafrika aliyeuzwa utumwani, na kumbaka. Baba mwema wa "The Rifleman" akawa mtu wa kuchukiwa, na kazi hiyo ikamletea uteuzi wa tuzo ya Emmy. Kwa maoni yangu ndiyo kazi bora aliyowahi kufanya, labda kwa sababu hakujaribu kujitetea ndani yake.

Kunta Kinte wa utu uzima alikuwa John Amos, naye mwanamichezo: alijaribu Denver Broncos na Kansas City Chiefs, akaachwa, akazunguka katika ligi ndogo kabla ya kushika kalamu na kisha jukwaa. Uteuzi wa Emmy alipata pia. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameondolewa katika "Good Times" kwa kulalamika kwamba familia nyeusi ya kipindi hicho inafanywa kichekesho.

Wengi wetu tunamjua Amos kwa sura nyingine: Cleo McDowell, mwenye mgahawa wa "Coming to America" wa 1988, anayepagawa akisikia kijana anayemchumbia bintiye ni mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya Afrika ya kubuni. Alirudi katika uhusika huo 2021, katika toleo la pili. Afrika hiyo nayo ilipatikana Marekani: kasri la Zamunda la toleo hilo ni nyumba ya mwanamuziki Rick Ross, iliyopo jimboni Georgia.