Habari za Sinema za Kuchekesha

Vijana wetu wa Nyamisangura hukusanyika jioni penye kibanda cha video, nao hucheka na kuimba pamoja na watu wa nchi za mbali wasiowajua. Wazee huuliza, Jambo hili lilianza lini? Na tulieleze kidogo.

Mwaka 1935 Wazungu wawili, Notcutt na Latham, walianza kutengeneza sinema kule Vugiri, katika milima ya Usambara. Hata mwaka 1937 walikuwa wamekwisha kutengeneza picha 35, nazo zilizungushwa kwa gari katika Tanganyika na nchi jirani. Sauti haikuwa katika picha yenyewe, ilitoka katika sahani za santuri. Nyingi zilikuwa mafundisho: kodi, ngozi, akiba ya posta. Sisi tulio walimu twajua ya kuwa somo lisilo na kicheko huchosha upesi.

Kicheko kilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati kampuni ya Johannesburg iitwayo African Film Productions ilipopiga picha za hadithi kwa Kiswahili. Mojawapo ni Muhogo Mchungu, habari ya mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam na kupatwa na vitimbi vya mji. Mwigizaji mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa upande wa Songea, aliyesoma Tabora. Kamera na fedha vilikuwa vya wengine, wala tusijidanganye. Lakini hadithi ilimfuata Mwafrika toka mwanzo hata mwisho, naye alinena, akakosea, akachekwa, kama mtu kamili.

Tutazame na Marekani. Mwaka 1956 Hollywood ilitoa sinema ya vichekesho na nyimbo, The Girl Can't Help It, iliyoongozwa na Frank Tashlin. Ndani yake waliimba Little Richard na Fats Domino, watu weusi waliovuma kwa muziki mpya wa rokenroli. Vijana wa Uingereza waliipenda mno kwa ajili ya waimbaji. Lakini hadithi ilikuwa ya Wazungu, Jayne Mansfield na Tom Ewell. Little Richard na mwenzake waliitwa waimbe tu. Wimbo ulipokwisha, na kazi yao ilikwisha. Sauti zao zilitakiwa, maneno yao hayakuulizwa. Jambo hili latusikitisha, kwa kuwa pasipo wao sinema ile ingesahauliwa zamani.

Mwaka uliofuata, 1957, Little Richard aliuacha muziki ule kwa kitambo, akaenda kujifunza Neno la Mungu katika chuo cha Waadventista huko Huntsville, Alabama. Kanisa hilo twalijua sana hapa Mara.

Naye Kawawa aliacha maigizo. Mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu, yule mshamba wa Muhogo Mchungu akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika.